Aliyebaki Nje ya Kamba ni Wewe na Mimi



Kuna picha imebandikwa kwenye ukuta wa hoteli moja ya chai hapa kwetu Nyakahura, Biharamulo, kando ya barabara kuu, pale malori ya kwenda Rusumo yanapopunguza mwendo. Ni ukurasa wa gazeti uliokatwa kwa wembe na kugandishwa kwa uji wa ngano. Moshi wa kuni umeshaugeuza kuwa wa kahawia. Pichani kiongozi amefungua bomba, maji yanaruka hadi yamemlowesha mkono wa shati. Nyuma yake mama mmoja ameshika ndoo ya lita ishirini, anacheka kwa meno yote. Chini, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba picha imepigwa na ofisi ya kiongozi mwenyewe.

Siku ile nilikuwepo. Ilikuwa katika kijiji kimoja cha jirani, na sitataja jina la kijiji wala la kiongozi, kwa sababu sikuja kumwaibisha mtu. Alfajiri lilikuja boza, likajaza tenki. Saa tatu vijana wakachimbia miti na kulizungushia bomba kamba. Mwandishi wa redio, kijana aliyefika kwa bodaboda akiwa na vumbi hadi kwenye kope, aliambiwa asimame nje ya kamba: taarifa ataandikiwa, picha atatumiwa kwa WhatsApp. Kamera iliyoruhusiwa kuingia ilikuwa moja, ya msafara. Kijana akapaza sauti kutoka pale alipokuwa, "Mheshimiwa, maji haya yanatoka chanzo gani?" Ngoma zikapigwa, swali likazama humo.

Siku ya kumi bomba likakauka. Picha bado iko ukutani, na ndani yake maji hayajakoma kutoka mpaka leo.

Nimelifikiria sana swali lile lililozama. Kijana hakulihitaji jibu kwa ajili yake. Jioni alipanda bodaboda akarudi mjini kwake. Jibu lilikuwa la yule mama mwenye ndoo, ambaye asingethubutu kumuuliza mheshimiwa mbele ya walinzi na umati wote ule. Kijana alipozuiwa kwenye kamba, aliyezuiwa alikuwa mama. Tulikuwa sisi sote. Ndiyo maana nimekaa kuandika wito huu, na nauandika kwa upendo: kwa wananchi wenzangu, kwa waandishi wetu, na kwa viongozi wetu pia.

Nianze kwa kuwatendea haki viongozi. Kutaka kupendeza ni ubinadamu. Hakuna kati yetu anayekwenda kupiga picha ya harusi na nguo za shambani. Kiongozi naye anapenda watu wamwone siku njema, akizindua zahanati, akikata utepe, akimbeba mtoto. Hilo silipingi. Tena kuajiri afisa habari na kuwa na mpiga picha wake ni jambo la kawaida duniani kote. Shida inaanza pale picha yake inapokuwa picha pekee, na taarifa yake inapokuwa taarifa pekee, kwa sababu kila mwenye jicho jingine ameachwa nje. Hapo tunakuwa kama mgonjwa anayejipima mwenyewe, anajiandikia majibu, halafu anamwonyesha daktari karatasi.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bomba lenye maji halihitaji kamba. Ukilifungua na mwandishi yeyote akiwepo, hata yule asiyekupenda, atakachopiga picha ni maji tu.

Wengi mnakumbuka siku ambazo Bunge lilikuwa likionekana moja kwa moja. Vituo vyetu vya biashara vilikuwa na duka au hoteli yenye televisheni, na Mkutano wa Bunge ukiwa unaendelea Dodoma, watu walijipanga kwenye mabenchi na juu ya magunia ya maharage. Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa akihesabu kwa vidole mara ngapi mbunge wake amesimama. Siku asiposimama kabisa, mzee aliondoka kimya, na kura yake ya mwaka uliofuata ilikuwa imeshaanza kuandikwa moyoni.

Tarehe 27 Januari 2016, Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari, alilieleza Bunge kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja. Sababu aliyoitoa ilikuwa gharama: shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Vikao vingerekodiwa na kurushwa usiku. Wabunge wa upinzani walipinga, na polisi wakaingia ukumbini kuwatoa. Miezi michache baadaye kamera za vituo binafsi nazo zikazuiwa. Picha za Bunge zikawa zinatoka kwenye studio ya Bunge lenyewe. Bilioni nne ni fedha nyingi, sikatai. Lakini linganisheni na bajeti nzima ya nchi ambayo wabunge hao wanaipitisha. Tulichookoa ni bei ya kuwaangalia watu wanaozigawa fedha zetu zote. Na kikao kilichorekodiwa kina mtu aliyeshika mkasi. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini wewe uliye kwenye gunia la maharage huwezi kujua alichokata. Mzee wangu hakuwa na cha kuhesabu tena.

Tukio la pili linatugusa kwa karibu zaidi, na naliandika kwa heshima, maana Rais John Magufuli wengi hapa wanamhesabu kuwa ndugu yao. Kabla Chato, kwao, haijawa wilaya ilikuwa sehemu ya Biharamulo, na yeye aliingia bungeni mwaka 1995 kwa jimbo la Biharamulo Mashariki. Aprili 2020, korona ikiwa imeshaingia nchini, watu wa gazeti la Mwananchi waliweka mtandaoni picha ya Rais akiwa katikati ya umati, akinunua samaki. Ilielezwa kwamba picha ile ilikuwa ya zamani. Kama ni hivyo, lilikuwa kosa, na kosa la picha husahihishwa kwa kusema wazi kwamba picha ni ya zamani na kuomba radhi. Lakini Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisimamisha leseni yao ya mtandaoni kwa miezi 6 na kuwatoza faini ya shilingi milioni 5. Gazeti kubwa la Kiswahili likafungiwa mlango wa mtandaoni katika miezi ile ile ambayo watu walihitaji habari kuliko wakati mwingine wowote.

Muda mfupi baadaye, takwimu za ugonjwa zenyewe zikakoma. Hesabu ya mwisho kutangazwa ilikuwa wagonjwa 509. Baada ya hapo, kimya. Nyakahura tuko kwenye barabara ya malori. Madereva wanatoka Dar es Salaam, wanakula kwetu, wanalala kwetu, wanaendelea Rusumo na Kigali. Mama ntilie anayempakulia dereva ugali alikuwa na haki ya kujua ugonjwa umefika wapi kuliko mtu yeyote aliyekaa ofisini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msemo huu haukutungwa kwa ajili ya mgonjwa tu. Unawahusu hata wale wanaomfichia.

Sasa nataka mnitazamie kisa kimoja kwa makini, kwa kuwa ndani yake kuna somo lote la wito huu. Usiku wa tarehe 17 Machi 2017, Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliingia katika studio za kituo cha utangazaji cha Clouds akiwa na askari wenye silaha. Waziri Nape, yule yule wa tangazo la Bunge, aliunda kamati ya kuchunguza. Jukwaa la Wahariri na vyombo vingine vya wanahabari wakakubaliana kutoandika wala kutangaza habari za mkuu huyo wa mkoa. Tarehe 23 Machi Nape akaondolewa katika uwaziri. Siku hiyo hiyo alitaka kuzungumza na waandishi katika hoteli moja jijini, akazuiwa. Mtu mmoja akamtolea bastola mchana kweupe, kamera zikiangalia. Nape akajitokeza kwa juu kwenye paa la gari na kuwaambia waandishi aliyokuwa nayo moyoni.

Itazameni picha hiyo. Mtu aliyekuwa na wizara nzima ya habari mkononi, siku ile ile aliyoipoteza alibakiwa na nini? Alibakiwa na waandishi waliosimama barabarani na kalamu zao. Bila wao, bastola ile ingekuwa uvumi, na maneno yake yangeishia ndani ya gari. Kiongozi unayesoma hapa, hicho ndicho cheo kilivyo. Leo unaamua nani aingie ndani ya kamba, kesho uko nje yake. Linda mlango wa mwandishi ungali na ufunguo, maana siku utakayoukosa ufunguo utaupitia mlango huo wewe mwenyewe.

Kisa hakikuishia hapo. Nape alirudishwa katika wizara hiyo mwaka 2022 chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, na Februari ya mwaka huo akatangaza kuyafungulia magazeti manne yaliyokuwa yamefungwa kati ya 2016 na 2020: MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Tulifurahi, na ilistahili kufurahiwa. Lakini Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za kampuni inayochapisha Mwananchi zikasimamishwa tena, siku 30, kwa sababu ya video ya katuni. Na uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulipofika, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, kila mtu akabaki na uvumi wake. Mlango uliofunguliwa kwa hisani ya mtu hufungwa kwa hasira ya mtu. Tunachohitaji ni mlango usiotegemea furaha ya yeyote: unaofunguliwa na sheria, na kulindwa na wananchi wanaojua kwamba ni wao.

Ndugu zangu, sisi wa upande huu wa Kagera hatuhitaji kufundishwa na mtu wa mbali gharama ya kusikia sauti moja tu. Tarehe 28 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Wenye umri wangu wanakumbuka magodoro vichwani, watoto waliofungwa kamba kiunoni wasipotee, na kilima cha Benaco kilichogeuka mji wa turubai. Kabla watu wale hawajavuka, Rwanda ilikuwa na redio iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993, RTLM, iliyomilikiwa na watu wa karibu na madaraka. Iliwapaka wenzao matope asubuhi na jioni, na ilipokuwa ikisema, sauti za kuipinga zilikuwa zimeshanyamazishwa au zimeuawa. Mwaka mmoja baada ya watu wale kuvuka, 1995, wilayani Ngara ikazaliwa redio ya namna nyingine. Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera ili wakimbizi wapate habari za kweli badala ya uvumi wa kambini. Kwizera maana yake ni matumaini. Redio mbili, mpaka mmoja, lugha zinazoelewana. Moja iliziba masikio ya watu hadi wakauana, nyingine iliyazibua.

Halafu tukaona tena, safari hii kwa jirani wa upande wa pili. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi Burundi, redio binafsi za Bujumbura zilishambuliwa, baadhi zikachomwa: RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance. Warundi waliovuka kuja kwetu miezi ile waliniambia jambo ambalo sijalisahau. Walisema kilichowatisha zaidi baada ya redio kuzimwa kilikuwa kutojua. Risasi ikilia usiku, hukujua imetoka kwa nani wala imekwenda kwa nani, na asubuhi hapakuwa na wa kumuuliza. Mtu akaamua kukimbia kwa sababu jirani amekimbia. Kijiji kizima kikahama kwa neno la mtu mmoja aliyepita na baiskeli.

Nayasema haya nikijua kwamba Tanzania si Burundi wala Rwanda, na namwomba Mungu tubaki hivyo. Lakini moto wa msitu huanza kwenye kijinga kimoja. Kamba iliyozungushiwa bomba kijijini na redio iliyochomwa moto Bujumbura vinatofautiana sana kwa ukubwa, na vinafanana kwa jambo moja: mtu mwenye nguvu ameamua kwamba wengine wasione isipokuwa anachotaka waone.

Wapo watakaonijibu, na majibu yao yana uzito. Watasema waandishi wengine hupotosha, wengine hufuata bahasha, wengine hawana hata elimu ya kazi hiyo. Ni kweli, na inaniuma kama inavyomuuma mwandishi mwaminifu. Lakini dawa ya mwandishi mbaya ipo, na haiko kwenye kamba. Baraza la Habari Tanzania limekuwa likipokea malalamiko na kusuluhisha kwa miaka mingi sasa. Mtu aliyeandikwa uongo anaweza kudai masahihisho, na akishindwa aende mahakamani. Bahasha nayo ina mikono miwili: anayepokea, na anayetoa akitaka asifiwe. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na kiongozi anayelipia sifa anajinywesha tembo la maji yeye mwenyewe.

Watasema pia usalama. Usalama wa kiongozi ni wetu sote. Mkagueni mwandishi, mpekueni begi lake, muulizeni kitambulisho, kisha mruhusuni aingie. Na kwa kuwa tumelitaja neno usalama, tumkumbuke Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, aliyeuawa Nyololo mkoani Iringa tarehe 2 Septemba 2012 akiwa kazini, katikati ya askari. Askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Aliyehitaji ulinzi siku ile alikuwa mwenye kamera.

Sheria tunazo. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, na haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Kwa sheria hiyo, wewe raia unaweza kuiandikia ofisi ya umma kuomba taarifa, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Huduma za Habari, ambayo Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha ilisema baadhi ya vifungu vyake vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Baadhi vilirekebishwa mwaka 2023, na kazi bado. Kwa hiyo mwandishi anayebisha hodi kwenye mlango wa kiongozi haombi fadhila. Amebeba haki yako na yangu mkononi.

Sasa wito wangu. Naugawa mara tatu, kila mmoja achukue sehemu yake.

Kwenu viongozi, kuanzia mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, diwani, mkurugenzi, mkuu wa wilaya hadi mbunge: toeni kamba. Mkija kuzindua mradi, mwandishi asimame karibu vya kutosha kuona kama maji yanatoka kwenye chanzo au kwenye boza. Baada ya hotuba tengeni dakika kumi za maswali, na swali la kwanza mpeni yule msiyemfahamu. Mkiulizwa jambo msilolijua, semeni hamlijui na mtaje siku mtakayoleta jibu. Wananchi wa huku tunamheshimu mtu anayekiri kuliko anayekwepa. Vikao vya Baraza la Madiwani vifanyike milango ikiwa wazi kweli kweli, na mwandishi apewe nakala ya taarifa iliyosomwa badala ya muhtasari uliopikwa baadaye. Simu ya mwandishi ikiita, pokeeni. Kiongozi aliyezoea kuulizwa hukosea kidogo, kwa kuwa anajiandaa.

Kwenu waandishi na wahariri: asanteni. Najua wengi wenu huku mikoani mnalipwa kwa habari moja moja, mafuta ya pikipiki mnajitolea wenyewe, na mhariri yuko mbali asijue barabara ya vumbi ilivyo. Hata hivyo nawaomba mambo mawili. Mkitumiwa picha na ofisi ya kiongozi, iandikeni wazi, kwa herufi zinazosomeka, kwamba hamkuruhusiwa kupiga yenu. Msomaji akijua kwamba mlizuiwa, hiyo nayo ni habari. Na rudini. Mradi uliozinduliwa leo, rudini baada ya mwezi bila msafara wala ngoma, mkae na watu, mlifungue bomba wenyewe. Wahariri wa Dar es Salaam nao wamlipe mwandishi wa Ngara na Biharamulo kwa safari ya pili kama wanavyomlipa kwa ya kwanza.

Kwetu wananchi, hapa ndipo penye kazi kubwa. Mwandishi anapofukuzwa mbele yetu nasi tunapiga makofi kwa sababu aliyemfukuza ni wa chama chetu au wa kabila letu, tumejifukuza. Siku hiyo asimame hata mzee mmoja aseme kwa adabu, "Mheshimiwa, tunaomba mtoto huyu aingie, ametoka mbali." Sidhani kama kuna kiongozi atakayemkatalia mzee mbele ya kijiji.

Pili, twendeni kwenye mikutano. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika angalau kila miezi 3, na humo husomwa mapato na matumizi. Wengi tunauacha kwa wazee na watu wa kamati, halafu tunalalamika kijiweni. Mkutano ule ni mahali ambapo hakuna kamba: wewe ni mjumbe kwa sababu tu wewe ni mkazi mtu mzima. Nenda na swali moja. Liandike kwenye karatasi usije ukalisahau ukisimama.

Tatu, tujifunze kuandika barua. Nawaonyesha ilivyo rahisi, kwa mfano wa bomba lile. Chukua karatasi ya daftari la mtoto. Juu kulia andika jina lako, kijiji chako na tarehe. Kushoto andika: Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya. Kichwa cha barua: Ombi la Taarifa kwa Mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya Mwaka 2016. Kisha uliza mambo manne, kila moja kwa mstari wake: mradi wa maji wa kijiji chetu umegharimu shilingi ngapi hadi sasa, mkandarasi ni nani, chanzo cha maji ni kipi, na ulitakiwa kukamilika lini. Usitukane wala usimtuhumu mtu. Weka sahihi. Andika barua mbili zinazofanana, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo, kisha anza kuhesabu siku 30. Asiyejua kuandika amwite mjukuu. Mtoto atakayeandika barua ya namna hiyo akiwa darasa la sita hatawaogopa viongozi wake akiwa mkubwa. Jibu likija, lisomeni mkutanoni na mpeni mwandishi nakala. Lisipokuja, mpeni mwandishi hiyo barua yenye muhuri. Hakuna kamba inayoweza kuizuia.

Nne, tuwalinde waandishi kwa namna yetu. Tununue gazeti, hata kama ni kwa kuchanga watu watatu. Tupige simu redioni kutoa maoni, kwa staha. Na tusisambaze picha ambayo hatujui imetoka wapi, kwa kuwa kila uongo tunaousambaza ni sababu mpya ya kamba inayofuata.

Nirudi kwenye ule ukuta wa hoteli. Nilimuuliza mwenye hoteli kwa nini haubandui ukurasa ule. Akanijibu kwamba mama aliye pichani ni shangazi yake, na picha nyingine ya shangazi hana. Nilinyamaza. Kumbe kwake picha haikuwa ya kiongozi. Ilikuwa ya mtu wa kwao, amecheka kwa kuamini kwamba taabu ya maji imekwisha.

Kwa hiyo sitawaomba mzibandue picha kama ile. Ninachowaomba ni kwamba kando ya kila picha ya namna hiyo ipatikane nafasi ya picha nyingine, iliyopigwa na mtu ambaye hakulipwa na aliye pichani, inayomwonyesha shangazi yule siku ya kumi na moja akirudi kisimani na ndoo. Picha hizo mbili zikikaa ukutani pamoja, kila anayekunywa chai pale atauliza lile swali la kijana wa bodaboda, na safari hii hakutakuwa na ngoma ya kulizamisha.

Mkutano mkuu ujao, tuonane. Njoo na swali lako.